Usafi Jumamosi, jalala Jumatatu: kamati ya mtaa imekwama wapi?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni katibu wa kamati ya usafi na ulinzi ya eneo letu hapa Dar es Salaam. Tuna kaya 180, nyingi za wapangaji, nyumba za vyumba sita mpaka nane. Kamati iliundwa Januari kwenye mkutano wa mtaa baada ya vibaka kuzidi na mtaro kufurika. Tulikubaliana kila kaya itoe shilingi 5,000 kwa mwezi: 3,000 za gari la taka, 2,000 za vijana sita wa doria. Kijana mmoja anapita nyumba kwa nyumba na daftari. Mwezi wa kwanza walilipa 142. Mwezi huu, ambao ni wa tano, wamelipa 61.

Gari ni kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo. Mwanzoni lilikuja mara nne kwa wiki, sasa zinaweza kupita siku kumi halijaonekana. Watu wanakwenda kumwaga kona, mbele ya pagale moja ambalo mwenyewe hatumjui. Tuliweka pale mapipa mawili ya lita 200. Moja lilichomwa moto, lingine limebaki linazungukwa na taka kuliko zilizomo ndani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunajitokeza watu 25 hivi, tunazoa kona na kuzibua mtaro wa mita kama 100. Jumatatu kona imejaa tena. Tope tulilotoa mtaroni tuliliacha pembeni, mvua ya siku mbili ikalirudisha lote.

Upande wa doria, vijana wawili wameacha. Waliobaki walimpiga kijana mmoja saa nane za usiku, kumbe ni mpangaji wa hapahapa anayerudi kutoka zamu ya usiku. Ndugu zake wanataka kwenda polisi. Baadhi ya wajumbe wanasema tuwabembeleze yaishe kinyumbani. Wengine wanataka tuanze kuwapiga picha wanaotupa taka ovyo, tuzirushe kwenye grupu la WhatsApp na tutoze faini ya 20,000. Wenye nyumba wanasema taka ni za wapangaji, wapangaji wanasema mtaa ni wa wenye nyumba. Tuanzie wapi?

Katibu aliyechoka,
Dar es Salaam

*

Marahaba, Katibu.

Anzeni na kijana aliyepigwa, leo hii, kabla ya habari za taka. Doria isimame. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji waende kwa familia wajue hali yake na matibabu yake, na msiwaombe wasiende polisi. Wakitaka kwenda, mpeni mkaguzi wa polisi wa kata majina ya waliokuwa zamu usiku ule. Mkiyamaliza chini kwa chini, kila kijana wa doria atajua kamati inafunika, na safari ijayo atapigwa mtu mpaka afe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu aliyetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Ruhusa ya kumwadhibu haimo.

Sasa tupige hesabu, maana naona kamati yenu ilianza kwa moyo bila kupiga hesabu.

Kaya 180 zenye watu wanne wanne ni watu 720. Mtu wa mjini hapa anatoa taka nusu kilo kwa siku kwa makadirio ya chini. Hizo ni kilo 360 kila siku, tani mbili na nusu kwa wiki. Kirikuu kisichozidishwa mzigo kinabeba kilo 600 mpaka 700, kwa hiyo safari nne kwa wiki ndiyo idadi yenyewe hasa, safari 17 kwa mwezi. Wote mkilipa 3,000 mnapata 540,000, yaani elfu thelathini na kitu kwa safari. Waliolipa wakiwa 61, mnapata 183,000, na safari inabaki na elfu kumi na kitu. Humo atoe mafuta, amlipe kibarua wa kupakia, akapange foleni dampo la Pugu. Mwenye gari hajawakimbia kwa jeuri. Anakuja kwa kadiri ya pesa inayomfikia.

Tazama na yale mapipa. Taka zetu ni nzito kwa sababu ya maganda, lita moja ni kama gramu 300. Pipa la lita 200 linajaa kwa kilo 60, mawili kilo 120. Kona ikipokea taka za mtaa mzima, mapipa yote mawili yamejaa kabla ya saa nne asubuhi. Anayekuja baadaye anamwaga chini, mbuzi na wachambua chupa wanasambaza, na kufika jioni mtu anatia kiberiti apunguze harufu. Pipa la kona lisilo na gari la kulimwaga kila siku ni tangazo kwamba hapa ndipo pa kutupia.

Kwa hiyo mmekamatwa na mduara: gari halija, watu hawalipi, gari linazidi kutokuja. Hauvunjiki kwa kuwahubiria watu walipe. Unavunjika kwa gari kuonekana siku ileile, saa ileile, wiki nne mfululizo, hata kama siku hizo ni mbili tu. Mtu akijua Jumanne na Ijumaa saa moja asubuhi honi italia, anaweka kiroba ndani. Akiwa hajui, anamtuma mtoto kona.

Kabla ya kumwita mwenye gari, nendeni kwa mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata muulize mambo matatu: eneo lenu lina mkandarasi au kikundi gani chenye mkataba wa kuzoa taka, ada iliyomo kwenye sheria ndogo za halmashauri ni kiasi gani, na inalipwaje. Mara nyingi ada hiyo ina risiti ya mashine au namba ya malipo ya serikali. Kama mnakusanya taslimu kwenye daftari huku kuna mkandarasi halali anayedai zake, kuna kaya zinazodaiwa mara mbili, na huenda ndio hao walioacha kulipa. Ulizeni pia viwango vya biashara. Mama lishe, genge, banda la chipsi na baa wanatoa taka za kaya kumi, lakini kwenye daftari lenu nadhani wanahesabiwa 3,000 sawa na bachela wa chumba kimoja. Huyo bachela analiona hilo kila siku.

Kosa lililowaumiza zaidi ni kuunganisha 3,000 na 2,000 kwenye mchango mmoja. Gari lisipokuja, mtu anagoma 5,000 nzima, na doria inakufa pamoja na taka. Vijana wakipiga mtu, ndugu zake wote wanagoma, na gari linakosa mafuta. Tenganisheni mwezi huu. Ya taka iende inakotakiwa kisheria. Ya ulinzi iwe na kitabu chake cha stakabadhi chenye nakala, na kama inalipwa kwa simu iwe lipa namba iliyosajiliwa kwa kikundi, isiwe namba ya mtu. Anayekusanya asiwe anayetunza, na anayetunza asiwe anayeidhinisha matumizi. Kila tarehe 5 bandikeni karatasi moja ofisi ya mtaa, na picha yake kwenye grupu: tumepokea kiasi gani, kutoka kaya ngapi, tumetumia wapi, salio. Msiweke majina ya wasiolipa. Wekeni tarehe za safari za gari, kwa kuwa hilo ndilo swali la kila mtu.

Safari hizo zithibitishwe na kadi. Chagueni kina mama wawili ambao huwa nyumbani, mmoja mwanzo wa njia na mmoja mwisho, kila mmoja akae na kadi ya mwezi. Gari likipita anaandika tarehe, saa, na kama lilifika mwisho wa njia au liligeuzia katikati. Kugeuzia katikati ni ugonjwa wa kawaida: gari linajaa kwa nyumba za mbele, za nyuma zinabaki na viroba vyao. Dawa yake ni kubadilisha, wiki hii lianzie juu, wiki ijayo lianzie chini.

Ipo na njia ya kupunguza mzigo wenyewe. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani kwetu ni maganda ya ndizi, mihogo, viazi, matembele na mabaki ya ugali. Nusu tu ya kaya zikitenga maganda kwenye ndoo yake, uzito unashuka kwa zaidi ya robo, na safari nne zinakuwa tatu. Wafugaji wa ng'ombe na nguruwe wa pembezoni wanayachukua, ila kwa sharti moja wasilolegeza: yasiwe na mfuko wa nailoni, kipande cha chupa wala kijiti cha mishikaki. Anzeni na mama lishe na wauza chipsi, hao wana ndoo nzima kila siku na wanajulikana walipo. Kaya zifuate baadaye.

Kuhusu kona: kabla ya kuisafisha tena, ichunguzeni siku saba. Wawili wawili kwa zamu, saa kumi hadi kumi na mbili alfajiri, na saa moja hadi tatu usiku. Waandike taka zimetoka njia ipi na zimebebwa na nini: ndoo, kiroba, mtoto, toroli. Basi. Jina wasiandike, picha wasipige. Wakiona ni watoto wa shule wanaotumwa asubuhi, tatizo ni saa ya gari. Wakiona ni toroli usiku, basi kuna mtu analipwa mia tano mia tano huko mtaa wa pili na kuja kumwaga kwenu. Hilo ni la wenyeviti wawili kukaa, na usafi wenu wa Jumamosi hauwezi kulimaliza hata mfanye kila wiki.

Ule mpango wa picha na faini uacheni kabisa. Kamati haina mamlaka ya kutoza faini. Anayetoza ni ofisa wa halmashauri aliyepewa kazi hiyo, na malipo yake yana risiti ya serikali. Elfu ishirini mtakayoipokea mkononi inaweza kuwapeleka ninyi polisi. Picha nazo zina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, ukimdhalilisha mama wa watu kwenye grupu lenye mamia ya watu, hatakuja kwenye mkutano wenu tena, wala mumewe, wala mashemeji.

Gari likishaaminika, tuseme baada ya wiki ya tatu au ya nne, ndipo mzoe kona mpaka udongo uonekane. Ikibaki hata ndoo moja ya taka, mtu atairudishia wenzake. Siku hiyohiyo pale paanze matumizi mengine. Bodaboda wakikubali kuhamishia kijiwe chao hapo, mmepata macho kuanzia alfajiri hadi saa tano usiku bila kulipa mtu. Pelekeni ombi kwa mtendaji kwanza, maana kijiwe kisichojulikana kitaondolewa.

Pagale nalo lisiachwe hivyo, kwa kuwa jalala na kibaka hapo vinategemeana: taka zinawafukuza wapita njia, na pasipopita watu ndipo pa kujificha. Mwenyekiti au wazee wa eneo watajua liliuzwa na nani kwa nani. Aandikiwe barua na serikali ya mtaa, ajulishwe kwamba milango na madirisha yatazibwa kwa mabati au matofali na vichaka vitafyekwa, achague kufanya mwenyewe au kuruhusu. Msizibe bila maandishi, ni mali ya mtu. Mkifyeka, okoteni tairi, makopo na vifuu. Maji yakikaa humo siku saba mpaka kumi, yai la mbu wa dengi limeshakuwa mbu anayeruka, na Dar es Salaam imeshaugua dengi vya kutosha 2014 na 2019.

Mtaro. Mita 100, tuseme upana nusu mita na tope la sentimita 20, ni mita za ujazo kumi. Tope bichi la mchanga lina zaidi ya kilo 1,600 kwa kila mita ya ujazo. Mlijaribu kuhamisha tani 16 kwa sepeto, watu 25, asubuhi moja, na gari la kubebea halikuwepo. Ajabu ni kwamba mlifika mwisho. Jumamosi ijayo chukueni mita 25 au 30 tu. Anzieni chini, kwenye mdomo wa kalavati, mpande juu. Mkianzia juu, maji mliyoyafungulia yanabeba tope na kulishindilia kule mtakakomalizia. Tope liingie kwenye viroba vya sandarusi, theluthi tu ya kiroba. Ndoo ya lita 20 ikijaa tope inapita kilo 30, na kiroba kilichojaa hakuna atakayekinyanyua, kitaachwa hapohapo kipasuke. Vifungeni mdomo, vipangeni upande wa pili wa njia, mbali na ukingo. Sandarusi inavuja maji, kwa hiyo kufika Jumatatu mzigo umepungua sana. Gari la kubeba lilipiwe kabla ya kazi kuanza. Halijapatikana? Ahirisheni kuzibua, mfagie na kufyeka tu.

Buti za mpira na glavu si mapambo hapo. Sote tunajua mvua za masika zikianza kuna nyumba zinatapisha vyoo mtaroni usiku, na hicho ndicho mnachokishika. Nyumba zinazofanya hivyo zipelekwe kwa afisa afya wa kata, yeye ana nguvu ya kuingia na kukagua, ninyi hamna.

Doria ikirudi, irudi kwa utaratibu mwingine. Mmewalipa nini wale vijana? Kaya 61 kwa 2,000 ni 122,000, wagawane sita, elfu ishirini kwa mwezi kwa kukesha kila usiku. Kijana wa namna hiyo ama ataacha, ama atatafuta pa kujilipia. Wasomwe kwa majina kwenye mkutano wa mtaa, wananchi wawakubali au wawakatae, kisha orodha ipelekwe kwa mkaguzi wa polisi wa kata awape mafunzo. Waliompiga yule mpangaji wasirudi mpaka suala lao liishe.

Mkibaki na vijana wanne, fanyeni usiku nne kwa wiki, siku zikibadilika, saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kila usiku vijana wawili na wakazi wawili wa zamu. Wakazi wawili kwa usiku nne ni zamu 34 hivi kwa mwezi, kwa hiyo kila kaya inatoa mtu usiku mmoja tu katika miezi mitano. Mjane, mgonjwa au mzee asiye na kijana ndani asisumbuliwe. Hapo hata kaya 100 zikilipa, kila kijana anapata elfu hamsini kwa usiku nane au tisa. Uwepo wa baba wa nyumba fulani kwenye doria unafanya na kazi nyingine: huyo ndiye atakayesema, "Huyu namjua, anakaa kwa mama fulani, muacheni apite."

Wapeni filimbi, tochi, jaketi za kuakisi mwanga na kitabu cha doria. Kitabuni iandikwe saa ya kutoka, waliokuwepo, walichokiona, saa ya kurudi. Wasitembee chini ya watatu. Wakutane na mtu, wamsalimie kwa mbali, wajitambulishe, wamulike chini miguuni, si machoni. Na kila mwenye zamu ya usiku, mlinzi, muuguzi, bodaboda, kina mama wanaowahi samaki Feri, aombwe kwa hiari yake aseme anapita saa ngapi, na vijana wajue. Orodha hiyo ikae kwa mwenyekiti, isirushwe kwenye grupu. Ikivuja, vibaka wamepewa ratiba ya nyumba zilizo tupu.

Taa msaidiane wenyewe. Balbu ya LED ya wati 9 nje ya geti, ikiwaka saa 12 kila usiku, inakula uniti tatu na robo kwa mwezi, kama shilingi 1,150 kwa uniti za bei ya kawaida. Anzeni na nyumba zinazotazama kona na vichochoro. Kwenye nyumba ya wapangaji wenye mita moja, huo umeme uingizwe kwenye mgao wa wote mapema, la sivyo wiki ya pili aliye karibu na swichi ataizima.

Wenye nyumba na wapangaji waitwe mkutano mmoja na muwape swali moja la kuamua: ya taka inaingia kwenye kodi, au kila chumba kinajilipia? Kwa nyumba zenu za vyumba vingi, kuiingiza kwenye kodi ni rahisi zaidi, kwa kuwa mkusanyaji anagonga mlango mmoja badala ya minane. Watakachoamua kiandikwe kwenye muhtasari na kisainiwe.

Na lile pipa lililobaki liondoeni kona leo. Litobolewe matundu ya ukubwa wa kidole kwenye kitako, liinuliwe juu ya matofali mawili matatu, apewe mama lishe aweke maganda. Liwe na mfuniko, kipande cha bati kinatosha, na mfugaji apite kila siku ya pili. Akichelewa, funza wataanza, na majirani watakuja kwako, Katibu, si kwa mfugaji.